Ndama Niliyembeba

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeletwa ranchi kwa trekta ya chuo, nikiwa nimekalia gunia la chumvi ya ng'ombe. Chuo chenyewe kiko karibu na Kibwezi, kina maua getini na maktaba yenye feni. Ranchi yake iko mbali, upande wa kusini, na haina ua hata moja. Kuna mabati, kuna vumbi, kuna ng'ombe. Muhula huu wote hatuingii darasani. Tutajifunza kwa mikono, ndivyo alivyosema Mwalimu Musembi, msimamizi wa ranchi, kisha akaitazama mikono yangu kwa muda ambao sikuupenda.

Tuko wanafunzi watatu. Kitheka ni wa hapa hapa Kibwezi, mrefu, mdomo haufungi. Mbinya ametoka Kasikeu, na ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Mimi natoka Kinangop, kwenye baridi na viazi, na huku sijaona dalili ya baridi wala ya kiazi. Mwalimu anataka tuandike kumbukumbu za kazi kwa Kiingereza, naye atazisahihisha. Haya ninayoandika hapa ni yangu mwenyewe na hayasahihishwi na mtu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mbinya amesema "habari ya asubuhi" na "zima taa". Hayo ndiyo mazungumzo ya leo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kila mmoja amepewa mtamba mwenye mimba wa kumwangalia hadi azae. Mwisho wa muhula, Januari, mtamba na ndama wake watapimwa, na hapo ndipo alama zetu zilipo. Wangu ana namba 41 sikioni. Ni mwekundu, ana nundu, na ana macho ya mtu anayekudharau kwa adabu. Nilipomkaribia na kiganja cha chumvi aliondoka zake taratibu. Kwetu tuna ng'ombe mmoja tu, anaishi bandani, na ukimwita kwa jina anaitika. Hawa wa huku hawaitwi. Wanafuatwa.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani ibada yote ilikuwa kwa Kikamba. Nyimbo nilizijua kwa sauti, maneno sikuyajua, nikaimba kwa Kikikuyu chini chini na hakuna aliyegeuka. Baada ya ibada Mbinya na Kitheka walisimama na watu wao, wakacheka. Mimi nilisimama karibu na baiskeli za watu kana kwamba nazilinda.

Mama alipiga. Huku netiwaki inapatikana tu ukipanda ngazi ya tangi la maji. Simu ikiwa chini inatoa mlio mmoja kisha inakatika, ndipo unajua kuna mtu anakutafuta. Niliona ni yeye. Sikupanda.

Mama anafua na kupiga pasi kwenye hoteli moja Mombasa. Aliondoka nikiwa darasa la tatu, akasema ni kwa muda mfupi. Nimelelewa na Cucu, nyanya yangu. Mama huja Desemba, anakaa siku chache, ananiuliza shule, anarudi. Sina neno baya la kusema juu yake. Ila sina mengi ya kumwambia pia.

Jumatano, 15 Oktoba

Kuchimba mashimo ya nguzo. Ardhi ya huku ni jiwe lililojifanya udongo.

Jumatatu, 20 Oktoba

Chakula ni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Jana pia muthokoi. Hakuna mvua.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mbinya na Kitheka wanaongea Kikamba mbele yangu, kisha wananyamaza nikitazama. Nimejaribu kusikiliza. Kikamba na Kikikuyu ni ndugu, na neno likipita polepole ninalikamata. Leo nilikamata "mtu wa milimani" na kicheko. Nikaenda kuosha bakuli langu ambalo lilikuwa safi.

Jumapili, 26 Oktoba

Mama alipiga. Sikupanda.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Ilikuja mchana kwa kishindo, ikapiga mabati hata mtu hasikii sauti yake mwenyewe. Kitheka alitoka akasimama katikati ya boma na mikono juu, gambuti zikijaa maji. Hata Mwalimu Musembi alicheka. Nilitamani kumpigia mtu nimwambie mvua imekuja. Kisha nikafikiri ni nani, na kule Kinangop mvua si habari.

Alhamisi, 6 Novemba

Majani yameota kila mahali. Mtamba wa Mbinya amezaa. Wa Kitheka bado. 41 anatembea kwa kujivuta.

Jumamosi, 8 Novemba

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Zamu ya asubuhi ilikuwa yangu. Ng'ombe walipokuja majini, 41 hakuwapo. Nilienda kumtafuta kwenye malisho ya chini, peke yangu, nikiogopa maana juzi tuliona nyayo za fisi pale. Sikumwona yeye. Nilimwona ndama.

Alikuwa amelala chini ya kichaka cha miiba, amejibana chini kabisa, masikio yamelala, hatikisiki. Manyoya yalikuwa yamekauka upande mmoja. Nilidhani amekufa, kisha nikaona ubavu ukipanda na kushuka. Niliita, nikazunguka, nikangoja kidogo. Mama yake hayuko. Hakuna ng'ombe yeyote, ni upepo tu na huyo mtoto amelala kama kitu kilichoanguka kutoka kwenye lori.

Kwetu ndama hutolewa kwa mama yake siku ile ile ya kwanza. Cucu humpangusa kwa gunia, anamtia kidole mdomoni, anakiingiza kidole hicho kwenye maziwa ya ndoo, na ndama anajifunza kunywa. Hivyo ndivyo ninavyojua mimi. Kwa hiyo nilivua ovaroli nikabaki na suruali na fulana, nikamfunga ndama, nikambeba mabegani hadi bomani. Ni jike, mwekundu kama mama yake, mzito kuliko anavyoonekana. Njiani alinilamba sikio.

Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande. Nilimkausha kwa taulo langu mwenyewe. Nikamtia kidole mdomoni, naye akakivuta kwa nguvu. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nije hapa. Kimoyomoyo nikamwita Gatune, yaani kekundu.

Mwalimu Musembi alikuja na trekta. Alimtazama ndama, akainama, akamnusa. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Wakiuru, nani alikuambia huyu ameachwa?"

"Alikuwa peke yake, Mwalimu."

"Peke yake si kuachwa. Ng'ombe ya huku inaficha mtoto, inaenda kula na kunywa maji, inarudi. Mtoto anajua kulala hapo asitikisike. Saa hii inazunguka huko ikimtafuta."

Ilikuwa kweli. Tulipomkuta 41 alikuwa pale pale kwenye kichaka, ananusa majani yaliyolaliwa, analia. Kilio hicho bado kiko masikioni mwangu. Alifuata trekta hadi bomani bila kupigwa. Tulimwonyesha ndama. Alikuja mbio, akanusa, akasimama. Akanusa tena. Kisha akapumua kwa nguvu puani na kumtwanga mtoto wake kwa kichwa hadi ukutani. Hakusikia harufu ya mtoto wake. Alisikia sabuni, na mimi.

Mwalimu hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema kila mtu wa huku anajua jambo hilo tangu utotoni, na yeye hakufikiria kwamba kuna mtu asiyelijua. Alisema kosa lake ni hilo. Kosa langu hakulitaja.

Jumapili, 9 Novemba

41 amefungwa miguu ya nyuma, amekamuliwa, na ndama amepewa maziwa ya kwanza kwa ndoo. Alikunywa kutoka mkononi mwangu tu. Kwa Kitheka alikataa.

Mwalimu ametueleza utaratibu. Ranchi hailei ndama kwa ndoo, haina mtu wa kazi hiyo. Ndama asiye na mama hupelekwa mnadani Kibwezi. Lori litakuja mwisho wa mwezi. Kitheka aliuliza nani hununua ndama mdogo hivyo. Mwalimu akasema wenye bucha.

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 11 Novemba

Gatune ananifuata. Nikienda kisimani, yuko. Nikienda chooni, anangoja mlangoni. Kitheka ananiita Mama Ndama. Nilicheka, ingawa sikutaka kucheka. Ni mara ya kwanza hapa kuna kiumbe kinachoinua kichwa nikitokea.

41 akimwona anageuka upande wa pili.

Ijumaa, 14 Novemba

Mwalimu alituita. Kuanzia leo tunafanya hivi: 41 ataingizwa asubuhi na jioni kwenye krashi, yaani kile kichochoro cha mbao ambamo ng'ombe hubanwa wakati wa chanjo. Ndama atapakwa chumvi ya ng'ombe mgongoni ili mama ashawishike kumlamba. Akimlamba vya kutosha na kunyonyesha vya kutosha, maziwa yake yatapita ndani ya ndama na harufu itarudi kuwa yao wawili. Inaweza kufaulu, inaweza isifaulu.

Kisha akasema mimi nisiwepo. Nisimguse, nisimlishe, nisionekane. Ndama akiniona ataniita mimi, na 41 akisikia harufu yangu kwake atamkataa. Kazi itafanywa na Kitheka na Mbinya.

Nilisema sawa. Nilitaka kusema kwamba huyo ndiye rafiki yangu wa pekee hapa, lakini hilo si jambo la kumwambia mwalimu wa ranchi.

Jumapili, 16 Novemba

Mama alipiga. Tangi liko upande wa krashi, na krashi nimekatazwa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Jumanne, 18 Novemba

Analia. Mlango wa banda lake unatazama chumba chetu, na anajua niko ndani. Leo adhuhuri, wengine wakila, nilitoka. Nilipitisha mkono katikati ya mbao. Alikuja mbio na kunyonya vidole vyangu, mkia ukienda huku na huku. Nilimwambia maneno yote ambayo sijamwambia mtu tangu Oktoba. Nilikaa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Jumatano, 19 Novemba

Asubuhi kwenye krashi Gatune alikataa kwenda kwenye kiwele. Aligeuza kichwa upande wa chumba changu na kulia, akalia, na 41 akachoka na kelele hizo akapiga teke. Mdomo wa ndama umepasuka. Niliona damu kwenye kitambaa cha Mbinya.

Mwalimu hakuuliza kama nilikwenda. Alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Unapenda huyo ndama," akasema, "ama unapenda vile anakupenda?"

Nimeketi na swali hilo tangu asubuhi. Jibu nalijua na silipendi. Nililia kwa hasira, kwanza dhidi yake, kisha dhidi yangu. Lori linakuja Jumamosi ya wiki ijayo.

Alhamisi, 20 Novemba

Jioni, ilipokaribia saa ya krashi, Mbinya aliingia chumbani na kitana, mafuta ya nywele na kiti kidogo. Alisema Kitheka na Mwalimu wanatosha leo. Akaniambia niketi sakafuni. Kabla sijaelewa, alikuwa amegawanya nywele zangu na kuanza kusuka. Huko nje ndama alianza kulia. Nilitaka kusimama. Mbinya alivuta nywele alizoshika.

"Ukitoka na nusu kichwa, hata ng'ombe zitakucheka," alisema.

Nikacheka huku machozi yakitoka. Alisuka taratibu, taratibu sana, na kila ndama alipolia alinishika zaidi. Niliuliza mbona leo anaongea nami. Alimaliza kwanza msuko aliokuwa ameushika.

"Kiswahili yangu si mzuri. Huko high school walinichekelea mpaka nikaacha kuongea. Wewe nilifikiri unajivuna. Kila siku unaosha bakuli yako peke yako."

Nilimwuliza kuhusu mtu wa milimani, siku ile walipocheka. Alikumbuka. Kitheka alikuwa amesema mtu wa milimani anavaa sweta huku kwenye joto kama la tanuri, na tena anafunga vifungo vyote. Ni kweli, huwa ninavifunga.

Jumamosi, 22 Novemba

Kusukwa tena. Alifumua nywele za juzi akaanza upya, ili tu tuwe na kazi. Ananifundisha Kikamba. Ndama kwao ni kasau, kwetu ni gacau. Tulishangaa wote wawili kama watu waliogundua kwamba nyanya zao walijuana.

Bado 41 anapiga teke.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua siku nzima. Ndama hakulia sana. Sijui kama hiyo ni habari njema.

Jumanne, 25 Novemba

Kitheka anasema 41 alilamba chumvi, halafu alipofika kwenye manyoya akaacha.

Alhamisi, 27 Novemba

Mwalimu amempigia simu mwenye lori kuthibitisha. Aliongea akiwa juu ya ngazi ya tangi, na tulisikia sote. Mafahali wawili na ndama mmoja. Mbinya hakunisuka leo. Tuliketi tu.

Ijumaa, 28 Novemba

Jioni Mwalimu alisema mara ya mwisho tuwaache bila kamba. Kama 41 atamuua, atamuua. Kama sivyo, tutajua. Niliomba nikae nyuma ya tangi mahali nisipoonekana, na upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwangu. Alipima upepo kwa vumbi, akakubali.

Sikuona kitu. Nilisikia mlango wa krashi ukifunguliwa, kamba ikianguka. Nilisikia ndama akilia, kilio kile kile ninachokijua, cha kuniita. Nilishika nguzo ya tangi kwa mikono miwili. Akaita tena. Nilijua kwamba nikikohoa tu atakuja mbio, na kesho atapanda lori. Nilifunga mdomo. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo kwa mikono wala kwa kitu kingine chochote.

Kisha akanyamaza, na ukimya huo ulinitisha zaidi. Nilingoja teke, nilingoja mshindo wa ukuta. Niliyemwona kwanza ni Kitheka, anakuja kuzunguka tangi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema. Mbinya alikuwa nyuma yake.

"Amelamba," alisema. "Si chumvi. Chumvi iliisha. Amelamba uso."

Jumamosi, 29 Novemba

Lori limechukua mafahali wawili.

Ijumaa, 5 Desemba

41 na ndama wametolewa wakajiunga na kundi. Mwalimu amenirudishia zamu ya maji. Walikuja asubuhi, vumbi kwanza kisha pembe, na Gatune alikuwa kando ya mama yake, mdomo umepona, anaruka ruka. Alipita karibu nami kabisa. Nilikuwa nimeshika ndoo ile ile. Alinitazama kama anavyotazama nguzo, akaenda zake.

Nimefurahi. Naandika tena ili nijiamini: nimefurahi. Kisha nilikwenda nyuma ya tangi nikalia hadi kwikwi.

Jumapili, 7 Desemba

Mama alipiga. Nilipanda.

Alishtuka. Aliuliza kama ninaumwa. Nilimwambia siumwi, mvua imekuja, nyasi ni nyingi. Akasema amepata likizo, anasafiri usiku wa tarehe kumi na tisa, na basi litapita Kibwezi alfajiri. Akasema tangu aliposikia niko huku amekuwa akijiuliza kama anaweza kushuka, lakini hakutaka kunisumbua kazini. Alisema maneno hayo haraka, kama mtu aliyezoea kukatikiwa na simu.

Nikamwambia ashuke.

Jumatano, 17 Desemba

Mbinya ametoa mashuka yake mazuri. Kitheka ameapa kufunga mdomo, hakuna anayemwamini.

Jumamosi, 20 Desemba

Mama ameshuka. Ni mfupi kuliko ninavyomkumbuka. Alileta tambi za kukaanga na mabuyu ya sukari, na mikono yake ina alama za pasi ambazo sikuwahi kuziona, au sikuwahi kuzitazama. Mbinya alimsalimia kwa Kiswahili kirefu, sentensi baada ya sentensi, kisha akatoka nje akapumua.

Alitaka kuona ninachofanya. Nikamchukua hadi malisho ya chini, yeye na viatu vyake vya mjini. Nilikuwa namwonyesha 41 kwa mbali Mama alipopiga hatua kando na kuinama.

Chini ya kichaka kulikuwa na ndama, wa jana au wa leo, amelala chini kabisa, masikio yamelala. Mtamba wa Kitheka ndiye aliyekuwa amebaki kuzaa.

"Maskini," Mama alisema, akanyoosha mkono. "Ameachwa na mamake."

Nilimshika mkono kabla haujafika.

"Hajaachwa, Mama. Anarudi."

Aliuliza ninajuaje. Nilisema tungoje. Tulirudi nyuma, tukasimama mahali ambapo upepo haukufikisha harufu yetu. Jua lilikuwa kali. Mama hakuomba twende. Mkono wake sikuuachia, naye hakuuvuta, na baada ya muda mrefu mtamba wa Kitheka alitokea upande wa mto, anatembea haraka, kiwele kimejaa, anaita.